Mutsinzi Yuko Kazini

Mume wangu alizikwa Jumatano, na Alhamisi asubuhi akanitangazia kwamba ni saa moja kamili.

Nilikuwa nimeinama jikoni nawasha mkaa. Waombolezaji waliolala kwetu walikuwa bado wamejifunika, wengine kwenye mikeka, wengine wamejikunja kwenye viti vya kukodi. Mtu aliwasha redio ya sebuleni, na ile sauti ikaja kama kawaida yake, nzito kidogo, sauti ya mtu aliyeshiba: "Isaha ni saa moya zuzuye. Ni saa moja kamili, hapa Redio Umurishyo." Likafuata tangazo la magodoro. Shangazi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi koleo lilinidondoka na sikuliokota.

Mutsinzi hakuwa mtangazaji. Naliweka wazi hili mapema, maana watu wakisikia "mtu wa redio" wanamfikiria yule anayecheka na wasikilizaji kwenye simu. Mume wangu alikuwa fundi mitambo. Kipaza sauti kikikoroma, anaitwa Mutsinzi. Zamani kidogo, mtu aliyekodiwa kuja kurekodi saa hakutokea, mkurugenzi wao Karangwa akawa anazunguka na hasira zake, na Mutsinzi akasema kwa mzaha, "Hata mimi najua kusoma saa." Akaingia studio, akarekodi saa zote za mchana na za usiku kwa mkupuo mmoja, akatoka akarudi kwenye nyaya zake. Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inazipiga yenyewe. Kigali nzima iliijua sauti ile na hakuna aliyemjua mwenyewe. Yeye alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Tukiwa sokoni Kimironko, redio ya muuza mboga ikishatangaza saa, humwinamia yule mama na kumuuliza kwa sauti ileile, "Samahani mama, ni saa ngapi?" Anatazamwa kama mwehu. Anacheka mpaka nyumbani.

Presha ndiyo iliyomwangusha. Alitoka kuoga, akakaa kitandani, akasema kichwa kinamuuma. Sina zaidi ya hapo.

Sasa nimtaje mama yake, maana msiba huu ni wake kuliko wangu, ingawa kusema hivyo kunaniuma. Mama mkwe wangu anaitwa Pudentienne. Sisi sote tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, tukarudi Rwanda watu wazima, ndiyo maana nyumbani kwetu Kanombe Kiswahili hakikauki. Alikuwa mwanamke mkali, mcheshi, anayejua nani alizaa na nani kuanzia Ngara hadi Bukoba. Halafu akili yake ikaanza kuaga kidogokidogo. Tulimwambia Mutsinzi amefariki, akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Alikuwepo mazikoni, alishikwa mikono huku na huku, alirusha udongo. Kesho yake akauliza, "Mutsinzi ameondoka bila kunywa chai?" Tukamwambia tena, akalia tena kilio kilekile, kipya kabisa. Jioni akauliza tena. Hapo nikasema basi. Mtu hawezi kufiwa na mwanawe kila siku, hata jiwe lingepasuka.

Na hapo ndipo ile sauti ilipotusaidia. Saa ikifika, Mutsinzi anasema saa, na mama anaitikia kwa kichwa: "Yuko kazini huyo." Anatulia. Alikunywa dawa zake kwa saa moja ya Mutsinzi, alikula kwa saa saba ya Mutsinzi. Mimi nilikuwa naitega saa, ikikaribia tu natoka nje kwenye kamba ya nguo, naanika hata zilizokwisha kukauka. Sikuweza kuisikia sauti ile, na sikuthubutu kuizima redio. Ndivyo tulivyoishi, yeye ndani na mimi nje.

Tatizo na redio lilianzia kwenye kubika. Kwetu kifo hutangazwa redioni, na ndiyo kubika hiyo: familia ya fulani wa mahali fulani inawajulisha ndugu na marafiki, na majina yanasomwa moja moja, mama, mke, watoto, binamu walioko Nyagatare, ili asikose mtu. Asiyebikwa ni kama amefukiwa kwa kificho. Redio Umurishyo husoma misiba ya watu kila siku baada ya taarifa ya habari ya mchana. Nami nilipeleka ya Mutsinzi kwao kwanza, ningeipeleka wapi?

Karangwa alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa, akapewa Fanta.

"Mama Kirezi, wihangane," alinipa pole. Kirezi ni binti yetu, yuko bweni Huye. "Lakini nielewe. Ile sauti ni ya nyumba yetu. Tukimbika Mutsinzi leo, kesho watu watasema wanaambiwa saa na maiti. Watazima redio. Na wenye magodoro wanaodhamini saa, unadhani watafurahi? Nani atalala kwenye godoro la marehemu?"

"Basi iondoeni sauti."

"Tutaiondoa. Polepole."

Mazishini walileta shada kubwa kuliko yote, lenye jina la redio kwa herufi za dhahabu. Tangazo letu likasomwa na redio nyingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Karangwa alikuwa na usufi wa kutosha kwenye yale magodoro.

Siku ya kumaliza msiba alikuja Gaju. Huyu ndiye aliyekuwa anaendesha kipindi chao cha Kiswahili cha alasiri, msichana aliyekulia Kampala, mwembamba, anayezungumza haraka. Mutsinzi alimpenda kama mwanawe. Alimfundisha jinsi ya kukaa mbele ya kipaza sauti asipumulie ndani, na alipokosea hewani siku zake za kwanza alikuwa anamwonyesha dole gumba kupitia kioo hata kama amevurunda. Alinishika mikono akalia. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Nikasema redio inayobika kila mtu imeshindwa kumbika wa kwake, na bado wanamtuma kazi akiwa kaburini. Nilisema na ningesema tena, mjane asipoongea siku hiyo ataongea lini? Ila habari ya mama sikumgusia. Alikuwa amekaa palepale kwenye kochi, amevaa vizuri, anaitikia salamu, na ungemwona ungedhani mzima. Sisi tumelelewa hivyo: mzee akianza kusahau, hamwonyeshi mgeni. Mnamfunika kama mnavyofunika chungu.

Basi ikafika alasiri ile. Nilikuwa nimechelewa kutoka nje, kwa sababu mama alikuwa anamenya maharage mabichi na ameyamwaga chini, nami niko sakafuni nayaokota. Mutsinzi akasema ni saa kumi na moja kamili. Mama akasema, "Yuko kazini huyo." Nikasubiri magodoro. Yakaja maneno ya Gaju.

"Wasikilizaji, mmesikia saa. Aliyewaambia saa hiyo amekufa. Aliitwa Mutsinzi. Alikuwa fundi wa redio hii, na redio hii ninayoifanyia kazi, inayosoma misiba yenu kila siku, ilikataa kuusoma msiba wake kwa sababu ya biashara. Najua wakubwa wangu wananisikia. Bwana Karangwa, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenipa kazi. Lakini mtu akifa anapumzika. Sisi tumemzika Rusororo na kesho yake tumemrudisha zamu. Mimi naona haya kukaa kwenye kiti hiki. Kama hamwoni haya, mimi naona kwa niaba yenu."

Nilisimama na maharage mkononi. Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Hatimaye mtu amesema. Na hapohapo nikajua anachokwenda kufanya, nikaanza kuikimbilia redio, lakini iko juu ya kabati na mimi si mrefu.

"Familia ya Mutsinzi wa Kanombe," Gaju alisoma, polepole, kama inavyopaswa, "inasikitika kuwatangazia kifo cha mpendwa wao. Wanajulishwa mama yake, Pudentienne. Mke wake, Illuminée. Binti yake, Kirezi, aliyeko Huye..."

Muziki ukamkata katikati ya jina. Walikuwa wamemzima.

Mama aliinua uso. "Amesema Pudentienne."

"Ndiyo, mama."

"Anajulishwa kifo." Aliutazama mkono wangu, kisha uso. "Cha Mutsinzi wangu?"

Neno lilikuwa limeshatoka redioni, na kwa mama lililotoka redioni limethibitishwa. Alilia mpaka ndege za jioni zikaanza kushuka uwanjani na kutikisa madirisha. Asubuhi alikuwa amesahau kila kitu, isipokuwa macho yake yalikuwa yamevimba na alikuwa anajiuliza kwa nini.

Maneno ya Gaju yalizunguka mji. Kila simu ilikuwa nayo. Walionifahamu walinipigia kunipongeza, kana kwamba nimejifungua. Msema kweli mpenzi wa Mungu, walisema, na Gaju akafukuzwa kazi kabla hata hajatoka studio, mlinzi akamsindikiza hadi getini na mkoba wake. Wenye magodoro walijitoa. Na ile saa moja ya asubuhi, nilipokuwa tayari mlangoni na beseni la nguo, redio ilisema *pii*. Basi. *Pii* moja nyembamba, kisha habari.

Nilishusha beseni. Nilishukuru Mungu, nakiri, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisimama ndani ya nyumba yangu saa kamili bila kutaka kukimbia. Kisha nikamsikia mama nyuma yangu.

"Mutsinzi hajasema saa."

"Labda amechelewa, mama."

"Mutsinzi hachelewi."

Alikataa dawa, kwa sababu saa moja haijafika. Alikataa chakula cha mchana, kwa sababu saa saba haijafika. Jua lilizama na kwa mama siku ilikuwa haijaanza. Ikawa hivyo kesho yake na siku zilizofuata. Alivaa viatu, akaenda getini, akasema anamfuata mwanawe redioni, huko Kiyovu, aone kulikoni. Nikafunga geti kwa kufuli, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mchana. Nikafungua simu yangu, nikatafuta sauti za Mutsinzi alizonitumia: nunua mkaa, nitachelewa, mwambie Kirezi asome. Nikamwekea mama azisikilize. Alisikiliza kwa adabu akasema, "Huyo anaongea na wewe. Mimi nataka anayeongea na watu wote." Nikaitafuta saa yake mtandaoni, maana nilidhani walioyasambaza maneno ya Gaju walianza kurekodi mapema. Wote wanaanzia kwa Gaju. Nani hurekodi saa?

Gaju alikuja Jumamosi, na mfuko wa sukari na maziwa. Alikuwa amekonda zaidi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasubiri. Nilijua anasubiri nini. Amepoteza kazi kwa ajili ya mume wangu, na mtu wa namna hiyo anastahili neno. Nikasema asante, na lilikuwa la kweli, ila lilitoka dogo.

"Mama Kirezi, kuna kitu. Iko namna gani? Mmenikasirikia?"

Kabla sijajibu redio ilisema *pii*. Mama, aliyekuwa kwenye kochi lake, aliukunja uso.

"Bado," alisema. "Siku nyingi sasa. Atakuwa mgonjwa na hamniambii."

Gaju alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini, chungu nikikifunua mwenyewe. Alisikiliza bila kukatiza, yeye anayekatiza kila mtu. Nilipofika kwenye siku aliyosoma jina la Pudentienne, alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Sikujua," alisema. "Mimi nilikuwa nataka apumzike."

"Najua, mwanangu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Nikamwongezea chai.

Jumatatu tulipanda moto, zile pikipiki za abiria, yeye ya kwake na mimi ya kwangu, tukaenda Kiyovu, kwenye ile nyumba ya zamani yenye bustani ambamo redio imepanga. Tulikuwa tumekubaliana tuombe tu: watupe zile saa, za nyumbani kwetu, hatutampa mtu. Mlinzi alimsalimia Gaju kwa jina lake, akaangalia pembeni, akamwambia ameagizwa asimpitishe. Kwa hiyo Gaju alibaki barabarani, kwenye ukuta, yeye ambaye kabla ya hapo sauti yake ilikuwa inaingia kila duka la mji huu bila kubisha hodi. Mimi nikaingia.

Karangwa alinisikiliza. Nilitegemea kiburi, nikakuta mtu aliyechoka.

"Mama Kirezi, zimefutwa," alisema. "Zote. Baada ya yale maneno ya Gaju, mwanasheria alisema tusibaki na hata moja, watu wasije kutushtaki kwamba tunamtumia marehemu. Fundi mpya alifuta mpaka nakala. Nilisimama hapo nikamwangalia akifuta."

"Hamkubakiza hata ya saa moja?"

"Mlitaka tuitoe. Tumeitoa." Kisha akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Hata mimi asubuhi nikiwa garini bado naisubiri. Naisikia *pii* na naudhika."

Nilitamani kumchukia, ingekuwa rahisi. Nilipotoka, Gaju alisoma jibu usoni kwangu na hakuuliza. Alisema tu kwamba atarudi na mimi Kanombe, akamsalimie mama. Nikamwambia si lazima. Akasema ni lazima.

Mama alikuwa amesimama getini, kwa ndani, na viatu vyake na mkoba wake, mikono kwenye vyuma. Gaju alimwamkia kwa heshima, kwa goti kidogo, kama walivyomlea Uganda. "Mwiriwe, mukecuru. Habari ya mchana, bibi?"

Mama aliinamisha sikio. Watu anawasahau, nyuso anazisahau, jina langu hulikosa siku nyingine. Sauti hasahau.

"Wewe nakujua," alisema. "Wewe ni yule binti wa redio. Wa alasiri."

Ni mimi niliyeitikia kwamba ndiye.

"Basi unafanya kazi na Mutsinzi wangu." Mama alimshika mkono kupitia vyuma vya geti. "Niambie wewe, hawa hawaniambii. Mwanangu ana nini? Mbona hasemi saa?"

Nilimwona Gaju akivuta pumzi, kwa pembeni, kama Mutsinzi alivyomfundisha. Msichana huyu alisema ukweli mbele ya nchi nzima, kwa waliomlipa, akijua watamfukuza. Nilidhani atausema tena. Niliogopa, nikaweka mkono kwenye kufuli kana kwamba kufuli lingesaidia.

"Yuko, mama," alisema Gaju. "Yuko kazini. Kuna mashine kubwa imeharibika, ndiyo ya kusema saa. Yeye ndiye anaitengeneza."

"Ah." Mabega ya mama yalishuka. "Mashine."

"Ndiyo, mama. Hawezi kuiacha."

"Mutsinzi hashindwi na mashine," mama aliniambia mimi, kwa kunisuta, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na shaka. Akamgeukia Gaju. "Lakini atakuwa hajala. Akishika kazi huyo hali. Utamwona kesho?"

"Nitamwona."

"Mwambie basi asiwe na haraka, amalize vizuri. Aniambie ikifika saa moja, ninywe dawa."

"Nitamwambia, mama."

Alikunywa dawa zake jioni ile, kutoka mkononi kwa Gaju, kwa sababu Gaju alimwambia Mutsinzi amesema anywe. Tangu hapo anakuja karibu kila siku. Kazi nyingine hajapata. Redio za mjini zinamsifu na hazimwiti. Anafika asubuhi kwa miguu kutoka kituo cha basi, anasimama getini, na kabla sijamfungulia mama anauliza kutoka ndani, "Ametengeneza?"

"Bado kidogo, mama," anajibu Gaju. "Anakusalimia. Anasema ni saa moja kamili."